Upande Upi Uvuke Rola? Kutafuta Kosa la Mwelekeo wa Ukurasa kwenye Printa za Karatasi Pana

Mhadhara kwa wachora ramani, wapimaji ardhi na wachapaji



Jambo tutakalozungumza leo hakuna kati yenu asiyelijua. Mchoro umekamilika, faili limefika dukani, printa imeanza kutoa karatasi, na kumbe picha imelala ubavu. Siku nyingine imekatwa upande. Siku nyingine imetoka nzima lakini imesinyaa katikati ya karatasi tupu. Mteja ana haraka, anatakiwa afike halmashauri kabla ofisi hazijafungwa, apeleke nakala za kuombea kibali cha ujenzi. Mchapaji anabadili chaguo moja, anachapa tena, na safari hii picha imegeukia upande mwingine usiofaa. Karatasi ya tatu ikiharibika, lawama zote zinaiangukia mashine.

Mimi nimekuja kuitetea mashine. Printa ni ya mwisho kupokea amri, na kwa kawaida inatekeleza kile ilichoambiwa. Kabla amri haijaifikia, imepita mikononi mwa wengine wanne, na kila mmoja wao ana uwezo wa kuuzungusha ukurasa bila kumwuliza mwenzake. Hilo ndilo neno langu la leo. Mengine yote ni kulifafanua.

Tuanze na karatasi yenyewe, kwa sababu humo ndimo fumbo lilimofichwa. Karatasi ya A0 ina eneo la mita moja ya mraba, na vipimo vyake ni milimita 841 kwa 1189. Ukiikata katikati unapata A1 ya 594 kwa 841. Ukiikata hiyo unapata A2 ya 420 kwa 594, na kadhalika hadi A4 mnayoijua. Umbo halibadiliki hata ukate mara ngapi, kwa kuwa upande mrefu ni upande mfupi mara kipeuo cha pili cha 2, yaani takriban 1.414. Mjerumani Georg Christoph Lichtenberg alieleza faida ya uwiano huo katika barua ya mwaka 1786. Ujerumani iliufanya kuwa kiwango chake, DIN 476, mwaka 1922, na dunia ikaupokea kwa jina la ISO 216 mwaka 1975. Sisi huku Afrika Mashariki tunachora kwa mfululizo huo.

Sasa tazameni rola zilizomo kwenye printa zetu. Nyingi zina upana wa milimita 610 au 914. Tarakimu hizo hazimo popote katika mfululizo wa A. Ni inchi 24 na inchi 36, na zinalingana barabara na karatasi ya Kimarekani iitwayo ARCH D, ambayo ni inchi 24 kwa 36. Kwa maneno mengine, tunachapa karatasi za mfumo mmoja juu ya rola zilizokatwa kwa mfumo mwingine. A1 ikilazwa kwenye rola ya 914 inachukua 841 na kuacha ukanda wa milimita 73. Ikisimamishwa inachukua 594 na kuacha ukanda wa 320. Njia zote mbili zinawezekana, na hapo ndipo programu zinapopata nafasi ya kuchagua kwa niaba yako. Kwenye rola ya 610, A1 ina njia moja tu: 594 ivuke rola, 841 iende na mwendo wa karatasi. Programu ikichagua kinyume, hakuna karatasi ya kuipokea.

Kwenye printa ndogo ya ofisini maneno wima na mlalo yanatosha. A4 imo kwenye trei, vipimo vyake viwili vinajulikana, na kilichobaki ni kusema maandishi yasomwe upande gani. Kwenye rola maneno hayo hayatoshi hata kidogo. Rola ina upana tu, urefu wake unaamuliwa na kisu. Tangu plota za pipa kama CalComp 565 ya mwaka 1959, ambapo karatasi ilikwenda mbele na nyuma juu ya pipa na kalamu ikaenda kulia na kushoto, mashine za aina hii zinajua pande mbili pekee: unaovuka karatasi na unaofuata mwendo wa karatasi. Leo kalamu imeondoka na kichwa cha wino kimeshika nafasi yake, lakini hesabu ni ileile. Kwa hiyo fundi akiniambia "nimeweka mlalo", bado sijaelewa alichofanya. Akiniambia "841 inavuka, 594 inafuata mwendo", nimemwelewa, na printa nayo imemwelewa.

Ningependa tuwe na desturi hiyo katika kila duka: kutaja namba mbili, ya kwanza ikiwa ni ile inayovuka rola.

Tuje kwenye dalili, maana kila kosa linaacha alama yake kwenye karatasi.

Dalili ya kwanza haimsumbui mteja, inamsumbua mwenye duka. Mchoro umetoka sawa, skeli ni sahihi, lakini A1 imesimamishwa kwenye rola ya 914 badala ya kulazwa. Karatasi iliyotumika ni milimita 914 kwa 841, karibu mita za mraba 0.77, wakati ingetosha 914 kwa 594, yaani 0.54. Kwa rola ya mita 50, tukiacha pembeni kingo na mabaki, ni nakala 59 badala ya 84. Wenye maduka, tafadhali rudieni hesabu hiyo kwa bei yenu ya karatasi. A2 nazo zinaweza kuwekwa mbili mbili kwenye rola hiyohiyo, kwa kuwa 420 na 420 ni 840.

Dalili ya pili ni kukatwa. Ukurasa umetengenezwa kwa 594 ya kuvuka, mchoro una 841, na hakuna aliyeruhusu kupunguza. Milimita 247 zinapotea upande mmoja. Kwa kawaida kinachopotea kwanza ni kisanduku cha maelezo, kile chenye jina la mradi, namba ya mchoro, skeli na tarehe, kwa sababu tumezoea kukiweka ukingo wa kulia. Kosa hili linatia hasira lakini ni kosa jema: linaonekana na kila mtu, na hakuna atakayeipeleka karatasi hiyo kwa mkandarasi.

Dalili ya tatu ndiyo inayonikosesha usingizi. Mchoro umetoka mzima. Kisanduku cha maelezo kipo, mistari ni safi, maandishi yanasomeka. Juu na chini kuna weupe mpana, na mchapaji anasema ni kawaida, atakata kwa mkasi. Kilichotokea ni hiki: ukurasa uligeuzwa ukawa wima, mchoro ukabaki mlalo, na chaguo la kutosheleza mchoro ndani ya karatasi likaja kusuluhisha ugomvi kimyakimya. Mchoro wa upana wa 841 umebanwa ukaingia 594. Ukubwa uliobaki ni 594 gawanya kwa 841, yaani asilimia 70.6. Mnakumbuka kipeuo cha pili cha 2? Hiyo ni 1 gawanya kwa kipeuo hicho: picha uliyopata ina ukubwa wa A2, imewekwa katikati ya karatasi ya A1, na weupe wa juu na wa chini ni takriban milimita 210 kila mmoja. Ukiuona weupe wa kiasi hicho huhitaji kuuliza zaidi, umeshajua kosa ni lipi.

Sasa fikirieni karatasi hiyo imefika kwenye ujenzi. Kisanduku cha maelezo bado kinasema skeli ni 1:100. Ukweli ni kwamba imekuwa karibu 1:142. Ukuta wa mita 3 ulichorwa kwa milimita 30, sasa una milimita 21.2. Fundi akiweka rula yake ya skeli anasoma mita 2 na sentimita 12. Tunafundishana kwamba mchoro haupimwi kwa rula, husomwa kwa vipimo vilivyoandikwa, na ni sahihi kufundishana hivyo. Lakini mnajua kama ninavyojua kwamba saa nne asubuhi, saruji ikisubiri, na kipimo cha kona fulani hakikuandikwa, rula inatoka mfukoni. Kwa mpimaji ardhi hali ni mbaya zaidi, kwa sababu watu wengi husoma umbali juu ya karatasi moja kwa moja. Ndiyo maana ninasema kwa uzito wote: katika duka linalochapa ramani za ujenzi na za viwanja, chaguo la kutosheleza karatasi lisiwe ndilo linalomkuta mtu pale dirisha la kuchapa linapofunguka. Afadhali mchoro ukatike mara kumi.

Picha iliyopinduka kichwa chini, yaani nyuzi 180, haina hatari kwa karatasi moja moja. Igeuzeni tu.

Baada ya dalili, tuufuate ukurasa njiani. Mlango wa kwanza ni programu ya kuchorea. Kwenye AutoCAD, orodha ya karatasi inaweza kuonyesha A1 kwa namna mbili: 841 kwa 594, na 594 kwa 841. Zaidi ya hapo, pembeni kuna sehemu ya kuchagua mwelekeo wa mchoro, wima au mlalo. Kwa hiyo jambo moja linaulizwa mara mbili. Mtu anachagua 594 kwa 841 kwenye orodha, kisha anabofya mlalo akidhani amemaliza. Anachopata ni ukurasa uliosimama wenye mchoro uliolala ubavu ndani yake. Chagueni kwenye orodha karatasi ambayo namba yake ya kwanza inalingana na upande wa chini wa mchoro mnavyousoma, na mtazame kielelezo kidogo cha karatasi kilicho kwenye dirisha hilohilo kabla ya kuendelea. Kumbukeni pia kwamba kila laha ya mchoro inahifadhi mpangilio wake wa ukurasa. Mkichapa laha nyingi kwa mkupuo, ile moja iliyonakiliwa kutoka mradi wa zamani itatoka na mwelekeo wa mradi huo.

Mlango wa pili ni faili la PDF. Kampuni ya Adobe ilitoa muundo huu mwaka 1993, na tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa, ISO 32000. Ndani ya PDF kila ukurasa una mstatili unaotaja ukubwa wake, kwa kipimo cha sehemu moja ya 72 ya inchi. A1 inakuwa takriban 1684 kwa 2384. Kando ya mstatili huo unaweza kuwepo mstari mwingine unaosema ukurasa uzungushwe unapoonyeshwa: nyuzi 90, 180 au 270. Hapa pana mtego. Faili moja linaweza kuwa na ukurasa wa 841 kwa 594 usio na mzunguko wowote. Jingine linaweza kuwa na 594 kwa 841 pamoja na amri ya kuzungusha nyuzi 90. Kwenye skrini yote mawili yanafanana, hata ukiyaweka sambamba. Yakifika kwenye programu au printa isiyoiheshimu amri ile ya mzunguko, la kwanza linatoka vizuri na la pili linalala ubavu. Mteja ataapa kwamba hajagusa chochote, na anasema kweli. Pengine mtu ofisini kwake aliligeuza faili ili alisome vizuri, kisha akalihifadhi. Dawa ni kurudi kwenye mchoro na kutoa PDF upya kwa ukubwa sahihi. Kulizungusha tena ni kuongeza amri juu ya amri.

Mlango wa tatu ni dirisha la kuchapa la programu ya kusomea PDF. Acrobat Reader, kwa mfano, ina chaguo la mwelekeo lenye njia tatu, wima, mlalo na ya kujiamulia, na ina machaguo ya ukubwa: kutosheleza, ukubwa halisi, kupunguza kurasa zilizozidi, na asilimia ya kujiwekea. Kwa ramani wekeni ukubwa halisi na mwelekeo wa kujiamulia, na pale panapokuwepo chaguo la kufuata ukubwa wa ukurasa wa PDF, liwasheni. Kisha someni namba zilizoandikwa kwenye kielelezo. Kama karatasi iliyotajwa pale ni A4, msishangae kinachofuata.

Mlango wa nne, na ninaomba tukae hapa kidogo, ni draiva ya printa. Draiva za Canon zina chaguo la kugeuza ukurasa nyuzi 90 ili kuokoa karatasi, na lingine la kukuza picha ijaze upana wa rola. Za Epson na za HP zina mzunguko wa kujiendesha wa namna hiyohiyo. Majina yanatofautiana, kazi ni moja: draiva inalinganisha pande za ukurasa na upana wa rola, na upande mrefu ukiweza kuingia, inaulaza. Kwa dalili ya kwanza niliyoitaja, chaguo hili ndilo tiba, na linastahili kuwashwa. Tatizo linaanza pale mchoraji alipokwisha kuugeuza ukurasa kwa mkono akijaribu kuokoa karatasi yeye mwenyewe. Robo mzunguko juu ya robo mzunguko inamrudisha alikotoka, au inampeleka kichwa chini. Anayewasha mzunguko wa draiva asizungushe mahali pengine popote.

Draiva ina visa viwili vingine. Cha kwanza ni karatasi za vipimo maalumu. Mkisajili ukubwa mpya, andikeni upande mfupi kama upana na mrefu kama urefu, halafu mwelekeo uchaguliwe wakati wa kuchapa. Mtu akiandika 1500 kama upana na 800 kama urefu kwa sababu bango lake limelala, kisha akachagua mlalo, anaweza kuligeuza mara ya pili bila kujua. Cha pili ni kwamba kwenye Windows mipangilio ya draiva imehifadhiwa zaidi ya mahali pamoja. Kuna ile ya mtumiaji, kuna ile ya msingi inayopewa kila mtumiaji mpya, na programu nyingi huchukua nakala yake na kuitunza ndani ya faili au ndani ya mpangilio wa plota. Ndiyo sababu mtu anarekebisha mwelekeo kwenye orodha ya printa za kompyuta, anarudi AutoCAD, na hakuna kilichobadilika. AutoCAD inatumia nakala yake. Ifungueni hiyo, irekebisheni hukohuko.

Mlango wa tano ni printa. Hapa angalieni jambo moja kwanza: je, inaijua rola iliyomo? Rola ikibadilishwa kutoka 914 kwenda 610 na draiva bado inaamini ni 914, A1 italazwa, na 841 haitapata pa kupita. Mashine nyingine itaisimamisha kazi na kutoa ujumbe kwamba karatasi ni nyembamba, nyingine itachapa na kukata, kutegemea ilivyopangwa. Pangeni isimamishe kazi. Na kwa wanaotumia rola za 594 au 841 zilizokatwa kufuata mfululizo wa A, kuna kingo: printa huacha milimita kadhaa zisizochapwa kila upande, kwa hiyo 841 pamoja na kingo zake haiingii kwenye rola ya 841, na mzunguko wa kujiendesha unaweza kuamua kuisimamisha A1 yako. Hapo wekeni kingo zihesabiwe ndani ya mchoro.

Kwenye mabango na benana mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu hakuna anayepima skeli. Isipokuwa benana ikigawanywa vipande vya kuunganishwa, vipande vyote vichapwe kwa mwelekeo uleule. Kipande kimoja kikigeuzwa ili kuokoa turubai, mistari ya wino inakimbia upande tofauti na wenzake, na chini ya jua kiungo kinaonekana kutoka mbali.

Swali mnalotaka kuniuliza ni hili: nitajuaje mlango upi una kosa bila kuharibu karatasi? Tengenezeni ukurasa wa majaribio. Uwe wa milimita 300 kwa 200, una fremu ukingoni, herufi F kubwa kwenye kona ya juu kushoto, mshale unaoelekea juu, na mstari wa milimita 100 kamili. Ninachagua F kwa sababu haifanani na nafsi yake ukiigeuza, uipindue, wala uiakisi kama kwenye kioo. O na H zitakudanganya. Uchapeni ukitoka kwenye programu ya kuchorea. Kisha utoeni kama PDF, uchapeni ukitoka kwenye Acrobat. Kama wa kwanza ni sahihi na wa pili umeanguka, kosa liko mlango wa pili au wa tatu. Kama zote mbili zimeanguka kwa namna moja, nendeni kwenye draiva. Kwenye printa zinazoruhusu kupokea PDF moja kwa moja kutoka kwenye flashi, chomekeni flashi. Draiva imerukwa, na mmepata jibu la tatu. Badilisheni kitu kimoja kwa kila jaribio na muandike nyuma ya karatasi hiyo mlichobadilisha. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja anaweza kupata karatasi sahihi, lakini kesho atakuwa palepale.

Halafu pimeni ule mstari. Ukiwa milimita 100, skeli ni salama. Ukiwa 66 au 67, yaani 200 gawanya kwa 300, mnalijua jina la kosa. Ukiwa 96 au 97, mwelekeo hauna hatia. Kuna mahali ambapo mchoro umepunguzwa kidogo ili kuingia ndani ya kingo.

Draiva nyingi zinaweza kuonyesha karatasi itakavyotoka kabla haijatoka, pamoja na sehemu ya rola itakayobaki tupu. Watu huzima onyesho hilo kwa sababu linaongeza hatua moja. Liacheni likiwaka, angalau kwa A1 na A0. Dukani, sajilini printa hiyohiyo mara mbili kwa majina mawili, moja la ramani lenye ukubwa halisi na mzunguko wa kuokoa karatasi, jingine la mabango lenye kukuza hadi upana wa rola. Kijana aliyeajiriwa juzi atachagua jina tu, na hatalazimika kukumbuka machaguo kumi.

Na wachoraji, nanyi mna wajibu wenu. Wekeni kwenye kila mchoro mstari wa skeli uliochorwa, wenye alama za mita, karibu na mchoro wenyewe. Maneno 1:100 yanabaki vilevile hata mchoro ukisinyaa. Mstari uliochorwa unasinyaa pamoja na mchoro, na anayeutumia atapata umbali wa kweli. Mnapotuma seti yenye laha za wima na za mlalo pamoja, tajeni hivyo kwenye ujumbe: laha ngapi, za ukubwa gani, upande upi uko chini. Mchapaji azitenganishe makundi mawili, achape la kwanza, apime mstari wa skeli wa laha moja kwa rula, ndipo aruhusu la pili.